Tulipotembea Dar es Salaam kwa Miguu

Kwetu Buha, yaani katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, mtu hasemi kwamba anakwenda safari asiulizwe anapeleka nini au anafuata nini. Tangu zamani safari zetu zilikuwa na mzigo. Wazee walikwenda Uvinza kufuata chumvi, wakarudi na mafurushi vichwani. Walishuka Ujiji kutafuta samaki na mawese. Na wakati wa utawala wa Waingereza vijana wetu walikuwa miongoni mwa manamba walioandikishwa kwa wingi kwenda kukata mkonge katika majimbo ya mashariki, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Marehemu baba yangu alikwenda Korogwe mara mbili. Aliporudi mara ya pili tulimwuliza habari za mji wa Tanga, akatujibu kwamba Tanga hakuiona, aliuona mkonge.

Kwa hiyo nilipomwambia mke wangu, mwezi wa Julai mwaka 2023, kwamba siku moja katika zile tutakazokaa Dar es Salaam kwa kijana wetu tutaitumia kutembea tu, kwa miguu, tukiutazama mji bila ya kuuza wala kununua wala kumwuguza mtu, aliniuliza swali la Kiha hasa.

"Kutazama nini, Mwalimu?"

Tulikuwa tumekaa katika ndoa miaka 41. Mimi mji ule niliujua kwa sababu ya mikutano ya ualimu na usahihishaji wa mitihani. Yeye hakupata kuuona. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wengi wa rika lake: mume aliondoka, mke akabaki na shamba, watoto, na kuhesabu miezi. Nikaanza kumtajia vitu vya kutazamwa kama mtu anayeandika ubaoni: bandari, Makumbusho ya Taifa, sanamu ya Askari, Mnara wa Saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini mimi nataka tufike Kariakoo." Nilicheka moyoni. Nilidhani anataka vitenge.

Safari ya kutoka Kasulu sitaieleza kwa urefu, maana kila mtu wa Kigoma anaijua. Ni basi mpaka Kigoma mjini, kisha treni katika reli ile ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwezi wa Februari mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 za kukaa, kusinzia, na kununua vitu madirishani. Tulifika tumechoka, tukapumzika siku mbili huko Tabata. Siku ya tatu tuliondoka alfajiri, tukashuka Feri wakati jua linachomoza upande wa Kigamboni.

Ndugu msomaji, kama hukupata kusimama Feri asubuhi, ni vigumu kukuonyesha kwa kalamu. Pantoni moja ilikuwa ikifika, na kabla haijatulia watu walianza kutoka kama maji yanayovunja kingo: wafanyakazi, wanafunzi, wauza mihogo, baiskeli, pikipiki. Pembeni, katika soko la samaki, wanadi walikuwa wakipiga kelele za bei juu ya mafungu ya samaki ambao mke wangu hakuwajua hata mmoja. Yeye ni mtu wa migebuka na dagaa. Aliinama akamtazama pweza kwa muda mrefu, akaniuliza kama watu wanamla wakiwa na akili timamu. Mwenye pweza alikuwa mama wa makamo. Alicheka, akamwambia, "Karibu uonje, mama yangu, ndipo utukane." Tukaonja. Baada ya hapo mke wangu hakutukana tena, wala hakusifu.

Tulipoanza kutembea ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulifikiria tulipokuwa nyumbani. Kwetu mume hutangulia na mke hufuata. Njia zetu za vilimani ni nyembamba, hazibebi watu wawili sambamba. Na hata pale barabara ilipopanuliwa, mazoea yamebaki. Wazee husema kwamba anayetangulia hukutana na nyoka na umande. Sasa mimi nilitangulia katika Barabara ya Kivukoni, na mke wangu akanifuata hatua tano nyuma, kama tunavyokwenda gulioni. Lakini mji una wakazi zaidi ya milioni 5, na nadhani asubuhi ile nusu yao walipita katikati yetu. Nilikuwa nikieleza habari za bandari kwa sauti ya darasani, nikageuka kuona kama ameelewa, nikajikuta namweleza kijana wa kuuza kahawa. Kijana akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee. Mama umemwacha kule nyuma, anavuka." Nikarudi. Nilimkuta amesimama kando, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, amekasirika kimya kimya.

"Hapa hakuna umande," akasema.

Tangu hapo tulitembea sambamba. Mwanzoni niliona haya, kana kwamba watu wote wa Kasulu walikuwa wakitutazama kutoka madirishani.

Makumbusho ya Taifa yamo katika mtaa wenye jina la Shaaban Robert. Nilisimama kwanza chini ya kibao cha mtaa, maana mtu aliyefundisha Kiswahili miaka 30 na zaidi hapiti hapo kama anayepita dukani. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1940, na baadaye yakapanuliwa yakawa Nyumba ya Utamaduni. Tulipofika penye habari za chimbuko la binadamu nilimweleza mke wangu juu ya fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na juu ya nyayo za Laetoli, ambazo wataalamu walizifukua mwaka 1978 na kuzifuata mwaka uliofuata: nyayo za viumbe waliopita juu ya majivu ya volkano, wakiwa wamesimama wima kwa miguu miwili, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nilieleza kwamba mmoja mkubwa na mwingine mdogo walikwenda sambamba, na wa tatu akakanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa.

Akafikiri. "Sambamba?"

"Sambamba."

"Basi ninyi wanaume mlianza lini kutangulia?"

Mtumishi wa makumbusho aliyekuwa karibu aligeuka upande wa ukuta ili acheke vizuri. Mimi swali hilo sikulijibu, na mpaka leo sijalipatia jibu linaloridhisha.

Tulirudi pwani, tukapumzika mbele ya Kanisa la Kilutheri la Azania, ambalo Wajerumani walilijenga kuikabili bahari kwa vigae vyekundu na mnara, kama mtu aliyetoka kwao akajenga ili asiwasahau. Kisha tukapanda kidogo kuingia Mtaa wa Samora. Barabara hiyo imebadili majina kama mtu anayebadili mabwana: Waingereza waliiita ya Mikesha, baada ya Uhuru ikaitwa ya Uhuru huo huo, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Katika makutano yake na Mtaa wa Azikiwe, magari yakizunguka pande zote, ndipo iliposimama sanamu ya Askari.

Pale palisimama kwanza sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na Waingereza wakaiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Hii ya sasa, ya shaba nyeusi, ilizinduliwa mwaka 1927. Ni askari Mwafrika ameinama kidogo, bunduki yenye singe mkononi, ameielekeza bandarini. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yale ya Kiingereza hutajwa kuwa ni ya Rudyard Kipling. Nilimweleza mke wangu maana yake kwa maneno yangu: kwamba wanakumbukwa askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kwamba wanakumbukwa pia wapagazi, ambao maandishi yanasema ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba inaahidiwa kuwa watoto wa waliokufa hawatayasahau majina yao.

Aliizunguka sanamu polepole, upande baada ya upande, akitazama pale chini kwenye jiwe. Nilidhani anapenda ufundi. Kisha akarudi.

"Majina yako wapi?"

"Majina gani, mama?"

"Hayo yasiyosahauliwa."

Nilimwambia kwamba majina hayakuandikwa. Akatikisa kichwa, si kwa mshangao, bali kama mtu aliyehesabu fedha zake akakuta zimepungua kiasi kile kile alichokihofia. Akaniuliza, "Na hao wapagazi ndio waliokaa Kariakoo?"

Hapo ndipo nilipofahamu, nikaona aibu kwa ajili ya vitenge. Miaka mingi iliyopita, nikisahihisha madaftari sebuleni, nilimsomea mke wangu kwamba jina la Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, kwa kuwa Waingereza waliwaweka wapagazi wao mahali hapo wakati wa vita. Mimi nilisoma nikasahau. Yeye aliweka.

Babu yake mzaa baba alichukuliwa upagazi mwaka 1916. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita nchini kwetu, yakauteka mji wa Kigoma mwezi wa Julai mwaka huo, na Tabora mwezi wa Septemba. Nyuma ya kila bunduki palihitajika watu wa kubeba risasi, unga, mahema na majeruhi. Na watu hao walitafutwa vijijini, wakapatikana, wapende wasipende. Baba wa mke wangu alikuwa mtoto wa mgongoni. Babu aliondoka na kamba ya mzigo na kibuyu. Hakurudi, na hakuna mtu aliyeleta habari. Bibi hakukubali kuwekwa matanga, kwani hakuna aliyekiona kifo. Mkuki wa mumewe ulibaki umeegemezwa ukutani mpaka mchwa wakala mpini, na hata alipokuwa kikongwe, mke wangu akiwa msichana mdogo wa kumchotea maji, bibi aliwauliza wapita njia waliotoka mashariki kama wamemwona mtu wa namna fulani, mwenye kovu juu ya jicho.

Haya yote niliyajua. Pamoja na hayo, nikiwa nimesimama pale kivulini, nikafanya jambo ambalo walimu hulifanya bila kufikiri. Nilisahihisha.

"Lakini babu yako alichukuliwa na Wabelgiji," nikasema. "Kariakoo ilikuwa kambi ya Waingereza. Yeye hakufika huku."

Hakujibu. Alifunga vizuri kanga yake, akaanza kutembea. Na safari hii yeye ndiye aliyetangulia.

Tuliifuata Samora mpaka mwisho. Penye Mnara wa Saa nilieleza kwamba ulijengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961, na maneno yakaanguka chini kama punje za mahindi mabovu. Tuliingia Mtaa wa Uhuru. Jua lilikuwa kali hata kwa kipupwe, nasi watu wa milimani hatulizoei. Mnazi Mmoja tukaketi chini ya mti, nikanunua maji na machungwa.

Uwanja wa Mnazi Mmoja wakoloni waliuacha wazi makusudi, uwe mpaka kati ya mtaa wa biashara wa Wahindi na mtaa wa Waafrika. Leo watoto wa shule hupita katikati yake bila ya kujua kwamba wanavuka kitu. Nilitaka kulisema hilo, nikajizuia. Badala yake nilijisomea upya moyoni yale niliyoyajua kweli na yale niliyoyatamka tu. Najua kwamba Wabelgiji hawakuishia Tabora; mwaka 1917 walipigana tena, wakafika mpaka Mahenge, na wapagazi wakafuata. Najua kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi, na kwamba wengi walizikwa kando ya njia. Sasa mtu aliyepotea katika mkondo kama ule, mimi nilipata wapi uhodari wa kusema hakufika mahali fulani? Nilikuwa na kitabu kinachosema habari za majeshi. Habari za babu yake sikuwa nazo.

Nikamwambia, "Mama, nimekosa. Mimi sijui alikofika."

Alikuwa akimenya chungwa. "Sikukuuliza alikofia, Mwalimu," akasema. "Hilo hata bibi hakulipata. Nilitaka mahali pa kusimama."

Tukainuka.

Soko la Kariakoo tulilikuta limezungushiwa mabati. Jengo lile, lenye paa la zege mfano wa miavuli iliyofunguliwa, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua, na tulipofika mafundi walikuwa bado kazini. Biashara yenyewe ilikuwa imemwagika katika mitaa yote ya jirani. Mke wangu hakutazama vitenge. Alitafuta mahali penye nafasi kidogo, kati ya meza ya viatu na ukuta, akasimama. Alivua kandambili zake, akakanyaga chini. Watu walimpita huku na huku. Mmoja akamwambia, "Mama, sogea, mzigo," naye akasogea akarudi pale pale. Kisha akalitamka jina la babu yake, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya ua. Jina hilo si langu kulileta hapa. Alilitamka mara moja, akavaa kandambili zake, akasema tununue sabuni.

Tulinunua sabuni, na sufuria mbili, na mwishowe, naam, vitenge. Mzigo ulipokuwa mkubwa akatokea kijana wa kubeba, mwenye kipande cha gunia begani. Alikuwa mwembamba, mifupa ya mabega ikionekana kupitia fulana. Alitaja bei. Mke wangu akamtazama usoni, akamjibu kwa Kiha.

Kijana aliweka chini mzigo alioushika. Akainama, akatoa mikono yote miwili, akaamkia kama inavyopasa kumwamkia mama wa nyumbani, na maamkio yetu, wanaotujua wanafahamu, si mafupi. Aliulizwa ng'ombe, akaulizwa mvua, akaulizwa wazee. Nyuma yetu mkokoteni ulisimama, mwenyewe akipiga kelele, na hakuna aliyeharakisha. Kwao ni Kibondo. Alikuja mjini mwaka mmoja na nusu uliopita. Simu yake iliibwa, na namba za nyumbani zilikuwa humo. Namba zingepatikana kwa vijana wengine wa kwetu, alisema, lakini aliona haya kupiga bila ya kutuma kitu.

"Mama yako anajua kwamba uko hai?" mke wangu akamwuliza.

Kijana akatazama viatu vyake.

Mke wangu aliagiza nitoe kalamu. Niliandika, nyuma ya stakabadhi ya sufuria, jina la mama yake, la kijiji, na la mwalimu wa shule iliyo karibu. Kijana alitubebea mzigo mpaka kituoni. Njiani mke wangu alitembea ubavuni pake akimsemesha, na mimi nikafuata nyuma nimebeba vitenge. Kulipwa alikataa, mke wangu akamshinda.

Tuliporudi Kasulu, mvua za vuli zilikuwa hazijaanza. Wiki ya pili mke wangu alipanda basi la Kibondo peke yake, akakaa huko siku mbili. Jioni aliyorudi nilimpokea kituoni, nikauliza kama alimkuta mama yule.

"Nilimkuta anapura maharage," akasema. "Aliniuliza mara tatu kama mtoto amekonda."

"Ukamwambiaje?"

"Mara zote tatu nilimwambia hakukonda."

Nilichukua mkoba wake, tukashika njia ya nyumbani.